Vidole Nyuma ya Kiti

Mimi si mtu wa kusimulia ya kuambiwa. Haya, msomaji wangu, niliyashika kwa mikono yangu.

Juma lililopita mjukuu wangu, mpiga picha za harusi hapa Dodoma, alinijia ameshika simu.

"Shikamoo, mume wangu. Nimekuletea mgeni."

"Marahaba. Mgeni gani asiyebisha hodi?"

Kwenye kioo alikuwa mdogo wangu wa kike, katika picha yake ya pekee, ambayo mjukuu aliiazima kwangu ili aiondoe madoa. Akagusa kioo, programu ikaitia picha uhai. Mdogo wangu akapepesa macho, akatabasamu.

Nami kwa mawazo nikarudi utotoni Bahi, mwaka mvua ilipozidi mpaka mbuga ikawa ziwa. Uani kulinuka kambare waliobanikwa, na bibi alitupikia ugali wa uwele kwa mlenda. Kazi yetu ilikuwa kufukuza ndege mpungani: mimi nikipiga debe, mdogo wangu akiimba ovyo, ulimi mweusi kwa matunda ya furu. Kisha homa ikamshika. Siku ya tatu hakuimba.

Baba alikuwa mbali, kwenye mashamba ya mkonge. Alimwacha mtoto yule akiwa bado wa kubebwa mgongoni. Bibi alikataa baba aandikiwe barua. "Msiba hauandikwi," alisema. "Mtu huketishwa kwanza, akashikwa mkono, ndipo akaambiwa." Hata hivyo alitaka mwanawe aione sura ya mtoto, na kaburi lisingengoja. Akamwita mpiga picha aliyekuwa akingoja wateja kituo cha reli.

"Mama, mimi hupiga walio hai," yule bwana alisema mlangoni.

"Basi mpige kama aliye hai."

Akavua kofia. Kisha akaomba kiti. Mimi niliamriwa kupiga magoti nyuma ya kiti, nikafunikwa kitenge, nikamshika mdogo wangu asianguke. Bega lake lilikuwa baridi kama mtungi.

Picha ilipoletwa, macho yalikuwa wazi. Yule bwana alikuwa ameyachora kwa wino na brashi, kwa ustadi mkubwa, yakitazama pembeni kidogo. Alichosahau ni vidole vyangu vinne begani. Bibi alibaki na nakala moja. Ya pili ilikwenda kwa baba. Nilijua kuandika, lakini niliruhusiwa kuandika jina lake juu ya bahasha tu.

Baada ya mavuno baba alirudi na viatu vyekundu vya mtoto. Bibi akamketisha mkekani, akamshika mkono, akamwambia. Baba akatoa picha mfukoni, akaitazama, akamtazama mama yake.

"Lakini ananiangalia," alisema.

Sikumsikia akilia. Viatu vile havikuvaliwa na mtu. Miaka mingi baadaye, tukiwa wawili tu, aliweka kidole chake juu ya vile vidole vinne.

"Ni wewe?"

"Ni mimi, baba."

"Basi hakuwa peke yake."

Nimesoma vitabu, nimefundisha watoto wa watu mema na mabaya, na mpaka leo sijaweza kumhukumu mpiga picha yule. Alimdanganya baba yangu kwa ombi la bibi, aliyemzaa baba. Wala sijui ningefanya nini ningekuwa na brashi ile mkononi.

Nilipokitazama tena kioo cha simu, nilichomwuliza mjukuu wangu ni kimoja: "Vidole viko wapi?"

"Vile? Nimevifuta, babu. Vilikuwa vinaharibu picha."

Nilimweleza yote. Utani ukamwisha. Akasema kwa sauti ndogo kwamba alikwisha kuituma kwenye kundi la ukoo. Akanionyesha waliyoandika. Shangazi yake, aliyezaliwa miaka mingi baada ya msiba ule, alikuwa ameandika: "Namkumbuka huyu! Alikuwa mcheshi sana."

"Niwaambie, babu?"

"Waambie."

Aliwaambia. Wawili waliandika pole. Wengine wakaendelea kuisambaza, kwa kuwa inapendeza.

Bahi ya utotoni imekwenda na walioijua. Nilikwisha kulikubali hilo. Picha ya karatasi ninayo sandukuni, na vidole vimo. Lakini macho ya kweli ya mdogo wangu niliyapoteza siku ile ya wino, na sasa, nikijaribu kulikumbuka bega lake, namwona akitabasamu juu ya kiti, wala hakuna aliyemshika.