Daraja la Asmaa

Mwalimu Huwaida, mzaliwa wa Mkomani kisiwani Amu, amefundisha sayansi kisiwani Pate miaka mingi kuliko alivyoahidiwa. Kila akiomba uhamisho huambiwa angoje. Angoje nini, mvi? Hata siku akitaka kwenda Amu kumwona mamake, maji yakiwa yametoka, bahari imekupwa, boti haipiti, naye hurudi chumbani na mkoba wake akisonya.

Juzi aliwapa wanafunzi wa Gredi ya Nane vijiti vya ufagio na uzi, wajenge daraja kati ya madawati mawili. Alilichora ubaoni kwa hamu: Pate huku, Amu kule.

Kundi la Asmaa lilikaza kila kiungo kwa fundo la wavuvi. Wakaweka jiwe kila upande, daraja halikuyumba. Lakini katikati waliacha pengo.

"Asmaa, daraja gani hili? Mtu atavukaje?"

Asmaa, ambaye hajawahi kuona daraja maishani mwake, alimshangaa. "Sasa tukiziba, mwalimu, mashua na mlingoti wake itapita ndia gani?"

 Huwaida akawapa alama zote. Kisha akashika kifutio, akaanza kufuta mchoro wake upande wa Amu, naye aache pengo la mashua.