Takbira Nne Juu ya Manowari

Wakati wa vita vikuu vya pili, marehemu baba yangu alifanya kazi chumba cha injini katika manowari ya Waingereza, frigeti iliyosindikiza meli za mizigo baina ya Kilindini na Adeni. Wajukuu nimewahadithia habari zake mara nyingi. Mwezi uliopita, arusini hapa Nizwa, Omani, nikasikia kuwa binti wa Nasoro, mwenzake aliyefia melini, yu hai mjini Sur, mgonjwa. Kumbe hadithi ina mwenyewe! Nikaazimia kumpelekea, maadamu Mungu angali ametuweka sote wawili.

Asubuhi tuliondoka, mie na mke wangu Zayana, na halua kiti cha nyuma. Tukapita Sinaw, mbuzi wa mnadani wamejaa kwenye pikapu.

"Usianze na mabomu," Zayana alinionya. "Yule mgonjwa, si mjukuu wako."

Ibra tulisali Adhuhuri na Alasiri pamoja. Nilimkumbuka baba akinisimulia utotoni, nyumbani kwetu Malindi, kiganja chake kikiwa ndiyo meli.

Sur tulimkuta binti wa Nasoro kitandani, bibi kizee sasa.

"Shikamoo, Bi Zuwena."

"Marahaba, mwanangu. Loo! Mwanangu gani, ndevu nyeupe kushinda mvi zangu!" Akaitazama halua. "Ya Nizwa? Haya, tutaila, tusikufedheheshe."

Nilipomtaja babake, kicheko kilikatika.

"Nilikuwa tumboni," alisema. "Nimekua nikiambiwa katupwa baharini hivi hivi. Meli yao ilisindikiza mali za watu. Babangu je, nani alimsindikiza?"

Nikamweleza. Nasoro aliuawa na homa. Baba na Waislamu wenzake watatu walimwosha, wakamkafini kwa shuka, wakapanga safu kumsalia sala ya jeneza. Lakini manowari ilikuwa ikipinda huku na huku ili nyambizi zisiilenge, na kila ikipinda, kibla inawapotea. Baba akapanda kwa nahodha kumwomba anyooshe njia. Nahodha aliitazama bahari, kisha akatoa amri. Meli ikaenda sawa mpaka takbira ya nne na salamu.

"Na nyambizi zimo baharini?"

"Zimo, bibi."

Akajifunika uso kwa mtandio. "Kasaliwa," alisema. "Babangu kasaliwa." Kisha akamshika Zayana mkono. "Mwambie mumeo aanze tena. Polepole."

Nikaanza tena.

Kesho yake tulirudi kwa njia ile ile. Umri wangu wote nimemshukuru Mungu kwa baba aliyerudi salama. Sasa namshukuru pia kwa yule ambaye hakurudi lakini akasaliwa, na najua kuwa shukrani yangu ya zamani ilikuwa nusu.