Swali Lililokwama Njiani

Fundi wetu wa kompyuta hapa hospitalini huvunja vidole vyake kimoja kimoja kabla ya kugusa kibodi, na kila mashine huiita mkwe. Siku ile mkwe aliyenuna alikuwa mbali, kompyuta kuu ya maabara inayotupimia sampuli, mwendo wa kutwa nzima kwa basi. Majibu ya vipimo yalikuwa yamekwama humo tangu asubuhi, na wagonjwa walijaa mabenchi hadi mlangoni. Dawa ilikuwa skripti moja ya matengenezo, yaani mlolongo wa amri ambao kila hatua huuliza kwanza kama iendelee. Aliiendesha mara tatu kutoka mezani kwetu, kupitia mtandao, na mara tatu skrini ikabaki kimya. Mimi karani nilishakata tamaa. Yeye akasogeza kiti mbele, macho yanamng'aa.

"Dada, huyu hajagoma! Anauliza, ila swali halitufikii. Anadhani huku hakuna mtu."

Akaiandika amri upya, akaongeza herufi moja tu, ya kuijulisha mashine kwamba huku yupo wa kuzungumza naye. Swali likachomoza: Niendelee? Tukapiga kelele kama watoto. "Ndiyo, mkwe wangu, ndiyo!" Vidole vikawa vinaruka. Kwenye swali la nne vikasimama hewani. Akalisoma kwa sauti, neno kwa neno: "Nifute majibu yaliyokwama?" Akatazama mabenchi, akashusha pumzi, akaandika taratibu: hapana. Printa yetu ikaanza kutema karatasi za majibu. Nikaidaka ya kwanza ingali na joto, nikakimbilia mlangoni kuita jina lililoandikwa juu yake.