Mukebe ya Belanzo

Juzi niliingia mu boutique moja pale Masisi centre, nikaomba fromaji, ile jibini ya maziwa. Mama mwenye kuuzisha akaniuliza: "Ya marque gani?" Ndugu yangu, nilicheka mpaka nikashika mulango. Ule mama akazania labda pepo inanipanda. Hakujua kama ile swali ya jina, kwetu, zamani ilitusumbua kuliko mvua ya mawe.

Sisi tulikulia mu milima, upande ya kushuka Kalembe. Asubuhi yetu ilianzaka na sauti ya maziwa mu ndoo, chwaa, chwaa, kisha moshi ya kuni zenye ukungu ililowesha, kisha harufu ya maharagi ya jana yenye kushika sufuria. Koko, mama ya papa yangu, njo alikuwa fundi ya fromaji. Alikuwa anapasha maziwa polepole, anatia présure yenye kuigandisha, na sisi watoto tunanawa mikono mpaka kwa kiwiko tuje kukamua maji. Kazi ya kukaa juu ya jiwe yenye kukandamiza ilikuwa yangu, juu nilikuwa munene. Ile fromaji njo ilituletea chumvi, sabuni na nguo ya masomo.

Fromaji alikuwa anaitia mu mukebe kubwa ya maziwa ya unga, yenye alitoboa matundu kwa pembeni. Sasa ujue, kwetu, watu ya ngombe, maziwa ya unga tulikuwa tunaiita vumbi. Siku walimupa ile mukebe, koko alimwangia kuku ile unga, akashukuru Mungu kwa mukebe. Kwa chini, kampuni ilikuwa imepiga jina yake ndani ya chuma: BELANZO. Basi kila fromaji ilitoka na jina kwa tumbo, herufi zimevimba vizuri. Koko hakujua kusoma. Alipenda tu ile urembo.

Mama mumoja, jirani yetu, njo alikuwa anazipeleka Goma. Kule watu wakaanza kusema: "Nipe Belanzo!" Hata neno fromaji wakaiacha. Kisha kila fromaji ya mulima yetu ikakuwa Belanzo, hata ya mzee mumoja wa mulima ya ngambo, yenye ilikuwa chungu kama hasira. Ule mzee naye akatafuta mukebe yenye maandiko. Alipata ya graisse, mafuta nzito ya moteri ya kamio, akaisugua na majivu muchana muzima, akatoa fromaji zenye kuandikwa "kwa moteri zote". Zote zilirudi, isipokuwa moja. Ile ilinunuliwa na chauffeur ya kamio.

Siku moja papa mumoja mwenye kufunga cravate kwa shingo akatufikia na pikipiki, matope mpaka kwa magoti, fromaji yetu mu sakoshi. Akauliza nani anaitengenezaka. Wote tukamuonyesha koko na vidole, na kiburi yetu, tukazania ni mununuzi mukubwa. Koko akamupa kiti, akamupa maziwa.

"Mama, hii jina iko na mwenyewe," papa akasema. "Ni marque ya société yenye kutengeneza maziwa ya unga."

"Société njo nani? Iko na ngombe?"

"Iko nazo, mama. Ulaya."

"Na zinakulaka nini, mpaka zinatoa vumbi?"

Tukaziba vinywa tusicheke. Papa akakohoa, akaweka kikombe chini. "Mama, ngombe zenu ziko na chapa?"

"Ziko nayo. Marehemu bwana yangu alizichoma zote kwa paja."

"Sasa mimi nikipeleka ngombe yangu yenye kukonda kwa soko na chapa ya bwana yako, utaniita nani?"

Kwetu ile haikuwa mambo ya michezo. Muntu mwenye kuiba chapa, hata kwa mazishi yake watu wanakuja wamechelewa.

"Nitakuita mwizi," koko akasema polepole. Akasimama, akachukua nyundo, akapiga tumbo ya mukebe mpaka Belanzo ikalala yote. Papa wa cravate akashituka, juu hakuwaza kama itaisha mbio vile. Akamaliza maziwa, akaomba ingine.

Mwenye alilia ni ule mama jirani, mwenye kuzipeleka Goma. "Koko, tutakufa! Watu wanaombaka jina, hawaombake fromaji!"

"Muntu akikuomba Belanzo, umuambie hapana."

"Na hii yenye iko mu kitunga?"

"Hii ni fromaji. Belanzo ni ya watu ya vumbi."

"Niseme tu ndiyo, koko. Ndiyo moja, kadogo!"

"Ndiyo yenu ikuwe ndiyo, na hapana ikuwe hapana. Bwana Yesu hakusema kama siku ya soko iko tofauti."

Basi kule Goma ikakuwa vile. "Belanzo?" "Hapana." "Na hii?" "Fromaji." "Si njo Belanzo?" "Hapana!" Watu wanaenda na kasirani, na kitunga inarudi nzito. Tukakula fromaji na bugali, fromaji na maharagi, fromaji na viazi, fromaji na maombi. Imbwa ikaanza kujificha ikiona sahani. Sabuni ikaisha, tukaenda kanisani tunanuka présure, na waimbaji ya chorale wakatuachia banc muzima tukae peke yetu. Koko alikuwa anaomba: "Bwana, sikuombe wanunue. Funga tu kinywa yangu, nisirudie ile jina."

Lakini habari ikatembea kama mu soko kuko mama anakatala kuuzisha. Na unajua watu ya Goma: kitu unawanyima njo wanataka. Wakaanza kuja kumuchokoza. "Mama, uko na Belanzo?" "Hapana!" Wanacheka, wanaonja, wananunua. Mwisho wakaacha kuuliza: "Nipe ile ya Mama Hapana." Siku ile mama jirani alirudi na kitunga yepesi, sabuni tu ndani, akasimulia yote mbele ya mulango.

"Na hii jina, iko na mwenyewe?" koko akauliza.

"Ni mimi na wewe, koko."

"Basi tuuzishe."

Ngombe zilienda na vita, moja moja, kisha zote. Koko tulimuzika kule juu, na majani imefunika fasi ya jiko. Ile ladha ya chumvi na moshi kidogo nimeitafuta mu boutique zote, mu karatasi zote zenye rangi nzuri. Haiko. Jina tu njo ilibakia, inajitembelea bila fromaji, bila société. Mwaka jana, kwa kuchota maji, nilisikia dada mumoja anagombana na bwana yake: "Usinifanyie Mama Hapana!" Nikamugusa bega, nikamuuliza Mama Hapana ni nani.

"Sijue, mama," akanijibu. "Njo vile watu wanasemaka."