Kamera Ambayo Mama Hakuitaka

Nikipita karibu na fundi viatu anayekata ngozi mpya, huwa naongeza mwendo. Wengine wanaipenda harufu ile. Mimi inanitia hasira kwanza, halafu aibu, halafu najikuta nina miaka kumi na moja, nimesimama dukani Bunda, mfuko wa kamera uko wazi mbele yangu na watu wazima wawili wananitazama mdomoni. Niwaambieni yaliyotokea, maana tuliokuwepo tumebaki wachache, na mtu niliyemkosea siku ile hakuwa hata dukani.

Nyumbani kwetu Musoma, baba na mama walikuwa hawasemeshani. Walilala chumba kimoja, walikula ugali wa sufuria moja, lakini maneno yao yote yalipitia kwangu. "Nyangeta, mwambie baba yako chakula tayari," mama alikuwa akisema, na baba amekaa hatua mbili tu kutoka kwake. "Mwambie mama yako nimeshiba." Nami nilirudia neno kwa neno, kama redio. Siku moja waliudhiana nikiwa chooni, wakaningoja nirudi ndipo ugomvi uendelee.

Baba alikuwa karani wa ghala la pamba. Katika ile miaka ya kupanga foleni ya sabuni na sukari, kalamu yake ilikuwa na heshima. Watu walimwamkia wakiwa bado mbali. Kisha ruksa ya biashara huria ikaja, maduka yakajaa vitu, na kazini kwao wakapunguza watu. Baba akawa miongoni mwa waliopunguzwa. Alirudi na begi lake, akalitundika ukutani, na tangu siku hiyo kila asubuhi alipiga pasi suruali yake ya ofisini, akaivaa, akakaa kibarazani.

Mama ndiye aliyetulisha. Alikuwa akivuka kwenda Murangi kununua dagaa na kuwauza Mwigobero, pale mitumbwi inapofikia. Mkono wake ulikuwa umekauka kwa chumvi na jua, na ulimi wake nao vivyo hivyo. Jumamosi moja nilikuwa namsaidia kupepeta mchanga kwenye dagaa, jirani yake wa meza akamuuliza, "Na baba Nyangeta siku hizi anafanyaga nini?"

Mama hakuinua hata uso. "Anapiga pasi. Ofisi hana, lakini suruali ina mstari wa kukata nyama."

Wanawake walicheka hadi mmoja akashika nguzo. Mimi nilitazama ungo. Nilimchukia mama siku ile kwa namna ambayo mtoto tu anaweza kuchukia, yaani moja kwa moja, bila kutafuta upande wa pili. Jioni baba aliniita, akaninusa nywele, akasema, "Mama yako ananuka dagaa hadi maneno yake." Hilo sikulipeleka. Lakini nilicheka, na mama alikuwa dirishani.

Wazo la kamera lilitoka kwa mama, ingawa baba alilibeba mpaka likaonekana lake. Kila mtu sasa alitaka picha: ya shule, ya leseni, ya harusi, ya mtoto aliyebatizwa. Mjini studio zilikuwa chache, na vijijini hapakuwa na kitu. "Mwambie baba yako," mama alisema, "Bunda kuna mfanyabiashara ana kamera mbili zimetoka ng'ambo ya mpaka wa Sirari. Tumtoe yule dume."

Dume huyo alikuwa Butiama kwa bibi, mama yake baba. Alinunuliwa akiwa ndama kwa faida ya dagaa, akalelewa katika zizi la ukoo, kwa hiyo mama na baba kila mmoja alimwita "wangu".

Baba akaenda Bunda kuziangalia. Alirudi amebadilika sauti. Mfanyabiashara yule, Mzee Marwa, alikuwa na kamera kubwa ya Kirusi, nzito kama jiwe la kusagia, ambayo lenzi yake inafunguliwa kwa kuzungushwa na kuwekwa nyingine. Alikuwa pia na ndogo ya Kijapani, ya kuingia mfukoni, yenye taa yake humo humo. Kwa dume mmoja angetoa ile kubwa peke yake, au ndogo pamoja na mikanda ya filamu ya kutosha kuanzia kazi.

Sasa vita vikaanza, na mimi ndiye niliyebeba risasi.

"Mwambie baba yako nataka ile ndogo. Mtu yeyote anabonyeza tu, picha inatoka."

"Mwambie mama yako mimi siyo mtu yeyote. Hiyo ndogo ukimsogelea mtu inamkata kichwa. Unachokiona kwenye kitundu cha kuchungulia sicho inachokipiga."

"Mwambie basi asimsogelee."

"Mwambie picha ya leseni ni ya uso, siyo ya shamba! Kubwa inaonyesha kile kile lenzi inachokiona. Na leo unaweka lenzi hii, kesho unaweka ya kuvuta mbali."

"Muulize hiyo ya kuvuta mbali iko wapi. Muulize na mikanda atanunua kwa kitu gani, kwa mstari wa suruali?"

Nikauliza. Baba akainuka, akapiga teke ndoo, maji yakatufikia wote watatu. Wiki mbili nyumba ilikuwa hivyo. Hakuna aliyeuliza mimi naitaka ipi. Nilitaka kubwa. Nilitaka baba atembee Musoma na kitu kizito shingoni, watu waanze tena kumwamkia wakiwa mbali. Na nilitaka, lazima niseme kweli, mama ashindwe.

Ijumaa ya safari, likizo ilikuwa imeanza, baba alitangulia stendi. Mama alinipitisha Mwigobero kwa sababu mtumbwi wa Murangi ulikuwa unamngoja. Alikuwa amejifunga kitenge vizuri kuliko siku zote. Akachuchumaa hadi macho yetu yakawa sawa, jambo ambalo hakuwa na kawaida ya kulifanya.

"Sikiliza. Mwambie baba yako achukue ndogo. Mwambie nimeongea na wanawake wa kwaya kule Murangi, wote wanataka picha, na watoto wao. Nitakuwa naenda nayo mwenyewe ninapofuata dagaa. Yeye atapiga huku mjini, mimi kule. Mwambie nimesema tafadhali. Umelishika?"

"Nimelishika."

"Rudia."

Nikarudia lote, pamoja na tafadhali. Akanipa andazi, akapanda mtumbwini, na hakugeuka.

Nililibeba neno hilo hadi Butiama. Baba hakuniuliza, na mimi sikusema. Bibi alitupa maziwa ya mgando, akalia kidogo kwa ajili ya yule dume aliyemlea, akamtukana mama kwa Kizanaki huku akinipaka mafuta miguuni. Asubuhi mtu wa Mzee Marwa alikuja akamfunga dume kamba na kumpandisha kwenye lori. Tukapanda nasi. Njia nzima kutoka Butiama hadi Bunda yule mnyama alinipumulia mgongoni, nami nilijiambia kwamba mama anataka kumnyang'anya baba hata hili. Mjini dagaa wake, vijijini picha zake. Hivyo ndivyo nilivyolielewa neno lake.

Dukani, Mzee Marwa aliweka kamera zote mbili juu ya meza ya kuuzia, katikati ya makopo ya rangi na baiskeli mpya zilizofungwa makaratasi. Ndogo ilikuwa nyeusi, nyepesi, kama sabuni ya kuogea. Akaibonyeza, taa ikamulika, nikaona madoa ya kijani. Kisha akafungua mfuko wa ngozi wa ile kubwa, na harufu ikajaa. Akaizungusha lenzi ikatoka, akaniacha nichungulie ndani. Kulikuwa na kioo kidogo, na ndani ya kioo kulikuwa na jicho langu.

Baba aliishika kubwa, akaiweka. Akaishika ndogo, akaiweka. Halafu, bila kunitazama, akauliza, "Mama yako amesemaje?"

Kwa wiki nyingi hakuwahi kuuliza hivyo. Alikuwa akitaka jibu. Leo naamini kwamba kama ningelitoa lile neno jinsi lilivyokuwa, hasa lile la mwisho, angechukua ndogo na labda angechukua pia basi la kwanza kwenda kumngoja mama Mwigobero. Mzee Marwa naye aliinama kunisikiliza.

"Amesema chukua unayotaka," nikasema. "Amesema hayo mambo hayamhusu."

Uso wa baba ulifungika kama dirisha. "Funga hiyo kubwa," akamwambia Mzee Marwa.

Mama alirudi Jumatatu mchana. Kamera ilikuwa imetundikwa pale pale begi la ofisi lilipokuwa. Alitua gunia la dagaa, akaitazama, akanitazama mimi.

"Ulimwambia?"

"Nilimwambia."

Baba, kwa mara ya kwanza tangu sikumbuki lini, alimsemesha yeye mwenyewe. "Ameniambia. Kwamba nichukue ninayotaka. Kwamba hayakuhusu. Ulisema au hukusema?"

Mkanda wa baba ulikuwa kiunoni, na sisi watatu tulijua kazi yake nyingine. Mama hakuondoa macho kwangu. Nilisikia nzi kwenye gunia. Nilijua nimekwisha.

"Nilisema," akajibu. "Hayanihusu."

Akaingia ndani. Nilipomfuata, akafunga mlango kabla sijafika.

Baada ya hapo hakunituma tena neno la mdomo. Alinunua daftari, akawa anamwandikia baba vijikaratasi, anavikunja mara nne na kuvibana kwa uji wa muhogo, ndipo ananipa. Hakunipiga, hakunisema. Alinisukia nywele kama kawaida, akikaza kuliko kawaida. Kwa mwaka mzima aliniita "wewe".

Baba aliteseka na kamera yake. Kazi yake ya kwanza kubwa ilikuwa kipaimara cha watoto wa Suguti. Alipiga siku nzima, amepiga magoti kwenye vumbi na ile suruali, na mkanda ulipokwenda kusafishwa ukaonekana haukuwa umeshika kwenye gurudumu lake. Ulikuwa haujasogea hata hatua moja, na picha hakuna. Wazazi walimfuata hadi nyumbani. Mama aliwapa maji ya kunywa, akawaacha wamtukane baba mpaka wachoke. Lakini baba alijifunza, lazima nimpe haki yake. Baadaye nyuso alizopiga zilikuwa hai; ungemjua mtu hata kama amefariki. Watu walirudi kumwamkia. Lenzi ya pili, ile ya kuvuta mbali iliyomfanya baba apige teke ndoo, hatukuipata hata siku moja. Na wanawake wa kwaya ya Murangi walipigwa picha na mtu mwingine, kwa kamera ndogo.

Hata hivyo, mama hakusimama mbele ya kamera ile maisha yake yote. Sikukuu ilipofika na sisi kupangwa ukutani, yeye alikumbuka moto jikoni. Leseni yake ya biashara ilipohitaji picha, aliacha mpiga picha ndani ya nyumba, akatembea hadi studio ya mjini, akakaa foleni pamoja na wageni. Mtaa mzima ulijua kabla ya jioni. Baba alikaa kibarazani anaifuta lenzi, anaifuta, mpaka giza.

Baba alipofariki tulifungua masanduku yake ya picha. Musoma nzima ilikuwa humo: wachungaji, mabondia, maharusi, bibi yangu na mbuzi. Nilipekua siku mbili. Mama hakuwemo, hata mgongo wake.

Ndipo nikaenda kumwungamia. Nilikuwa mtu mzima, nina watoto. Alikuwa amekaa uani, anachambua mchele. Nikamweleza yote, hadi lile neno tafadhali nililolila njiani. Hakushtuka.

"Unafikiri sikujua?"

"Kwa nini basi ulimwambia baba kwamba ulisema?"

"Angekuchuna. Halafu tungekuwa watatu tusiosemeshana." Akatupa jiwe dogo nje ya sinia. "Na wewe ulikuwa unangoja nikutaje, upate sababu ya kunichukia zaidi. Nilikuona. Nikasema, huyu hanipati."

Kisha akaniambia jambo ambalo sikuwa nalijua. Kabla baba hajatia mguu Bunda, yeye alikuwa ameshafika. Alikwenda peke yake, akamwomba Mzee Marwa amwonyeshe zile kamera. Kubwa alipoiinua ilimshinda mkono, na ile mizunguko ya namba hakuielewa. Ndogo alipewa akaishika. Haikuwa na mkanda ndani, lakini aliiinua akampiga picha Mzee Marwa, akampiga punda aliyekuwa nje, akapiga mlima. "Nilipiga nyingi," alisema. "Nilikuwa najua kabisa nimesimama wapi na watu wa kwaya nitawapangaje. Warefu nyuma."

Nilikuwa nimeishi miaka yote nikidhani wazazi wangu waligombana juu ya kamera ipi ni bora. Baba alikuwa sahihi kuhusu vichwa kukatwa. Mama alikuwa sahihi kuhusu mikanda. Nilikuwa nimedhani pia kwamba mama aliitaka ndogo ili amdogoshe baba, "mtu yeyote anabonyeza". Kumbe mtu yeyote huyo alikuwa yeye. Ndivyo alivyojitaja, kwa jina pekee alilothubutu kulitumia, na mimi nilipeleka ujumbe huo mara kumi bila kuusikia.

Nilitaka kumwambia samahani. Nilifungua mdomo.

"Usinisemee chochote," mama akasema, akanisogezea sinia. "Chambua."