Sindano Katikati ya Kuku

Sijawahi kuwa mtu mpole. Wanaosema ugonjwa humfundisha mtu upole hawajaugua. Baridi yabisi yangu ni ile ambayo mwili wenyewe unashambulia viungo vyake. Asubuhi vidole vilikuwa vimevimba hata kijiko sishiki, na kazi yangu ilikuwa kutandika vitanda katika hoteli moja huku Uarabuni, pale Al Garhoud.

Vidonge vilishindwa. Daktari akanianzishia sindano mpya, za umbo la kalamu, ambazo haziupigi mwili mzima, zinazuia kitu kimoja tu kinachochochea uvimbe. Bima ya hoteli ilinizungusha mpaka nikakonda, mwishowe ikakubali. Baada ya miezi michache nikasuka nywele zangu mwenyewe, nikalia mbele ya kioo kama mjinga.

Sindano zilitakiwa kukaa kwenye friji, baridi ya kiasi. Chumbani tulikuwa wanawake sita na friji moja, na desturi yetu ilikuwa kwamba aliye ofu, siku yake ya mapumziko, ndiye anayeangalia vitu vya wote. Siku friji ilipoharibika, aliyekuwa ofu ni dada mmoja Mganda, mkubwa wetu sote, mlinzi wa duka huko Al Barsha. Huyu ndiye aliyenilisha kwa mkono wake nilipokuwa siwezi kushika kijiko.

Niliporudi kazini alinipokea mlangoni anacheka.

"Huku chini friji imekufa, joto tupu! Lakini friza inafanya. Wallahi nikasema, samaki waoze, dawa ya mdogo wangu haiozi."

Akafungua friza. Sindano zangu zote zilikuwa katikati ya kuku, zimeganda kama mawe.

"Asante, dada," nikasema.

Kesho yake mfamasia alizitazama akatikisa kichwa. "Khalas, basi tena. Dawa hii ikiganda inaharibika, hata ikiyeyuka haifanyi kazi tena. Usijidunge." Bima nayo ikasema imeshazilipia, nisubiri zamu nyingine ya dawa. Vidole havikusubiri. Kabla zamu haijafika, madam aliyekuwa msimamizi wetu alishaona shuka zangu zimekunjamana, na mkataba ulipoisha haukuongezwa.

Mkenya mwenzangu wa kitanda cha juu alikuwa anajua yote, akawaka. "Si umwambie! Huyo mama amekumaliza."

"Thubutu ufungue mdomo," nikamwambia, "utanijua."

Maji yakimwagika hayazoleki. Mimi ninayegombana hata na dereva wa basi la kampuni, kwa dada yule nilishindwa. Nilimwambia mwili wangu umeizoea dawa, haifanyi kazi tena, jambo ambalo hutokea kweli kwa wengine. Aliamini, akaanza tena kunifunga vifungo vya sare kila asubuhi, anashusha pumzi kwa huruma, na mimi natazama ukutani nisije nikapasuka. Nilimpenda na nilimkasirikia kwa wakati mmoja, na hasira ile haikuwa na pa kwenda.

Siku ya kurudi nyumbani alinipangia begi. Alikunja nguo zangu polepole, moja moja, macho yamejaa machozi.

"Mungu hakupenda," akasema. "Lakini mimi nilijaribu, mdogo wangu. Siku ile ya friji, bila mimi dawa yote ingeharibika."

"Ndiyo, dada. Uliiokoa."

Akatabasamu, akafuta macho kwa kanga yake, kisha akafunga zipu ya begi, kwa sababu mimi sikuweza.