Mazishi ya mama Mkristo huko Kathonzweni, na sisi wanafunzi wa madrasa

Wakuu, hamjambo humu. Mimi ni mzee, mjukuu ndiye ananichapia. Nitasema niliyoyaona tu, nisichojua nitakiacha.

Miaka ya hamsini nilikuwa madrasa mjini Kitui. Shule ya misheni nilikuwa nimeiacha mapema, miguu inawasha, nataka kujua kila kitu. (Hata madrasa sikumaliza, lakini hiyo ni story nyingine.)

Siku moja mwenzetu Yusufu akapata habari kwamba mama yake amefariki huko Kathonzweni. Mama alikuwa Mprotestanti hasa. Yusufu alisilimu akiwa kijana.

Mwalimu alimruhusu kwenda, ila akamtuma na Salim, prefect wetu, mtu wa familia ya pwani, amwangalie na kuleta ripoti. Sharti lilikuwa hili: Yusufu akishiriki ibada ya kanisa, asirudi madrasa. Na hakuwa na pengine pa kulala.

Mimi nilifuata kwa udadisi tu.

Tulikuta kaburi halijaisha. Ardhi kavu, jembe linagonga mawe. Yusufu alipolishika, mzee wa kanisa akamzuia.

"Wewe uliacha Yesu. Hili kaburi hutaligusa."

Salim naye, kutoka nyuma: "Msikize mzee. Twende zetu."

Wakuu, hao wawili hawangekubaliana hata jua linatoka wapi. Hapo walikuwa kitu kimoja. Yusufu katikati, jembe bado mkononi.

Ndipo dada wa marehemu, mwanakwaya, akainuka.

"Mzee, huyu ulimzaa wewe? Kama hutaki achimbe, shika jembe uchimbe. Na wewe wa kofia, siku ya kumzika mwaitu wako, mama yako, utaomba ruhusa kwa nani?"

Yusufu akaingia kaburini, akaanza kuchimba.

Mimi nilikuwa namtazama Salim, maana neno lake ndilo lingemfukuza mwenzetu. Kisha akavua kanzu, akaikunja, akaingia naye.

Kanisa walipoimba, Yusufu alisimama kimya. Akatupa udongo wa kwanza, kama desturi ya boma lile kwa mtoto wa kwanza.

Tuliporudi, mwalimu akauliza mbele ya wote: "Alisali nao?"

"Alimzika mama yake," Salim akasema. "Nami nilichimba. Akitoka, tunatoka wawili."

Mwalimu akaangalia viganja vya Salim vilivyochubuka. Akatuambia tuendelee na somo.

Nilichojifunza: dini yako haipungui ukimsitiri mama wa mwenzako. Na Salim hakulegea, alfajiri alituamsha kwa fimbo vile vile.

Nyinyi wa familia za dini mbili, kwenu mlizika vipi? Hata anayeona Salim alikosea, aseme. Nitasomewa.